Na

Nabeba magunia Kibuye.
Bega langu la kulia lina sugu kama kisigino.
Jumapili, misa ya kwanza, nachovya kidole majini,
naanzia kwenye paji: Kwa jina la Baba.
Nashuka kifuani: na la Mwana.
Bega la kushoto: na la Roho,
na neno Mtakatifu hutua palepale penye sugu.
Sijamuuliza Padri kwa nini Roho
alipewa mahali pa mzigo.

Katekista Gaudensia Aloo aliwaletea watoto yai.
Ganda, ute, kiini, akasema. Yai ni moja.
Mtoto mmoja wa Nyalenda akauliza: Na kuku?
Tulicheka hata sisi tuliokuwa tunafagia.
Wiki iliyofuata akaleta mafiga.
Matatu, chungu kimoja. Ilikuwa afadhali.
Lakini mafiga hayajuani, mwalimu.
Huungua pamoja mpaka uzee
na hakuna linalomwita mwenzake.

Mimi niliishia darasa la sita.
Kiswahili nilikisomea sokoni,
gunia hili na hili na hili, jumla yake kadhaa,
na kwa miaka mingi nilidhani *na*
ni kamba tu ya kufungia hesabu.

Kumbe lugha yenyewe inajua jambo.
Hatuna neno la kumiliki.
Nikisema nina nyumba, nimesema
niko na nyumba, basi.
Nikisema sina, nimesema niko peke yangu.
Kwa hiyo Baba ana Mwana,
si kama Mhindi alivyo na duka.
Yu naye. Na Mwana yu na Baba,
tangu kabla ya ziwa, kabla ya mlima wowote kupewa jina,
na yule wa tatu, ninayemwogopa kumfananisha,
huenda ndiye hiyo *na*.
Nisishtakiwe kwa Askofu.
Najua tu kwamba mmoja anaweza kupenda,
ila hawezi kupendana.

Nina mwana.
Ulimi unasema hivyo, nina.
Odera yuko Nakuru, anatengeneza pampu za maji,
na huu ni mwaka wa tatu hatujasemezana.
Niliuza ng'ombe wa marehemu mama yake
bila kumuuliza. Ndicho kisa chote.
Ng'ombe mwenyewe alikuwa mzee.

Kwa hiyo mkono wangu ukitoka kwenye paji
kwenda kifuani, ile shubiri moja na nusu,
unapita Ahero, unapanda Kericho,
unapotelea kwenye ukungu wa Mau.
Waumini wenzangu wamefika Amina.
Mimi bado niko njiani.

Bwana awe nanyi, anasema Padri.
Na*nyi*. Hata hapo Mungu hakai bila ndugu zake wa sarufi.
Tunaitikia kwa sauti moja, wauza omena,
mama wa mahindi, karani wa kaunti na viatu vyake,
na mimi naitikia kwa bidii
kama mtu anayelipa deni la jirani.

Baada ya misa nilinunua salio la shilingi ishirini.
Nikapiga.
Iliita hadi ikachoka.

Jumatatu vilikuja vitunguu, gari zima.
Saa nne, nikiwa na gunia la nane,
simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa shati.
Mkono mmoja umeshika mzigo, wa pili unausawazisha.
Sikuwa na wa tatu.
Nilisimama katikati ya njia,
gunia juu ya sugu,
kifua kinanguruma upande wa Mwana,
na nyuma yangu mikokoteni na matusi,
songa mzee, songa,
na sikusonga.